Draiva iseme kiasi gani mashine inapowaka?

Swali: «Ninaandika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Linux ya chipu inayobadili ishara za analojia kuwa za dijiti. Chipu inaunganishwa kwa I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu), na kila bodi yetu ina chipu nne. Draiva inafanya kazi vizuri, ila mashine inapowaka inachapisha mistari 38 kwa kila chipu: jina la draiva, toleo, tarehe ya kujengwa, anwani, thamani ya kila rejista (kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu), "naanza", "nimemaliza" na kadhalika. Mwenzangu anayepitia msimbo anataka nifute yote. Mkuu wa huduma kwa wateja anataka usiguswe hata mstari mmoja, maana mteja akilalamika, logi ya kuwaka ndiyo kitu pekee anachotutumia. Nimfuate nani?»

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, lakini hoja ya mkuu wa huduma haitoweki ukishafuta mistari. Yeye anahitaji taarifa, na amezoea kuitafuta kwenye logi ya kuwaka kwa sababu hamjampa mahali pengine pa kuipata. Mpeni hapo mahali pengine, kisha futa. Nitakuonyesha wapi. Na muda utakaookoa kwa kufuta, utumie kuandika upya mistari ya kushindwa. Hujanitajia hata mmoja wa aina hiyo, nami nina wasiwasi kwamba ndiyo mifupi kuliko yote uliyonayo.

Tuanze na gharama, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuona kuchapisha ni bure. Chukua mstari wa herufi 80. Kwenye konsoli ya seriali (waya unaotoa maandishi ya mashine biti moja moja) ya kasi ya biti 115200 kwa sekunde, kila herufi hubebwa na biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo zinapita herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari mmoja unakula takriban milisekunde 7. Mistari yako 38 kwa chipu nne ni mistari 152, herufi zaidi ya 12,000: sekunde nzima na ushee. Bodi yenye konsoli ya 9600 itakaa karibu sekunde 13 ikisikiliza draiva moja ya chipu ya kupimia volteji.

Na sekunde hizo hazitoki kwenye mfuko wako peke yako. Kwa mpangilio wa miaka mingi wa `printk` (fanksheni ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, huchapishia ujumbe), anayeshika kufuli ya konsoli ndiye anayeandika kila kilichoko kwenye foleni, hata maneno ya wenzake. Draiva ya diski isiyokujua wala kukuhusu inaweza kusimamishwa njiani ikimalizia kuandika rejista zako. Tatizo hili lilikuwa zito kiasi kwamba `printk` ilikuwa miongoni mwa vikwazo vya mwisho kabla ya PREEMPT_RT (mpangilio wa kerneli kwa kazi zisizovumilia kucheleweshwa) kuingizwa kwenye kerneli kuu, toleo 6.12, mwaka 2024.

Gharama ya pili ni nafasi. Ujumbe wa kerneli unakaa kwenye bafa ya mviringo, na ukubwa wake wa kawaida ni kilobaiti 128. Ikijaa, ujumbe wa zamani kuliko wote unafutwa ili mpya upate pa kukaa. Kwa hesabu ya haraka, chipu zako nne zinajitwalia karibu sehemu ya kumi ya bafa yote. Niliwahi kuitwa kwenye mashine yenye mamia ya diski ambayo mara mojamoja ilikuwa inawaka huku kadi moja ikikosekana. Draiva ya kidhibiti cha diski ilikuwa inachapisha utambulisho mrefu kwa kila diski, mistari tisa au kumi. Tulipofika kusoma logi, mistari ya mwanzo kabisa, ile ambayo kerneli inagawa anwani kwa kadi, ilikuwa imeshafutwa na orodha ya diski zilizokuwa nzima. Tuliongeza bafa kwa `log_buf_len=4M` tukaiwasha tena, na kadi ikaonekana kama kawaida. Ilibidi tungoje wiki tatu hitilafu irudi. Tangu siku hiyo, mstari usio na kazi siuhesabu kama jambo la urembo. Unaweza kuwa ndio uliosukuma nje mstari uliohitajika.

Gharama ya tatu ni masikio ya watu. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na hapo ndipo hatari ilipo. Fundi aliyezoea kuona mamia ya mistari ya "sawa, sawa, sawa" huishusha logi kwa kidole bila kusoma, na ule mmoja wa kweli hupita mbele ya macho yake.

Ndiyo maana mwongozo wa uandishi wa msimbo wa kerneli ya Linux unaeleza waziwazi kwamba draiva inayofanya kazi sawasawa hukaa kimya, na kwamba utumie `dev_dbg` au `pr_debug` (wito wa ujumbe wa uchunguzi, ambao kwa kawaida hauonekani) isipokuwa pana kitu kimeharibika. Mwenzako hakujitungia sheria yake.

Sasa tuipitie mistari yako. Jina la draiva na toleo vifutwe. Kama draiva imo ndani ya kerneli, toleo lake ni toleo la kerneli, na `uname -r` inalijua. Ile namba ya 1.0 uliyoiandika siku ya kwanza itabaki 1.0 hata baada ya mabadiliko mia, kisha itawadanganya watu. Kama draiva inajengwa nje ya kerneli, `modinfo` inaonyesha `srcversion`, alama inayokokotolewa kutoka kwenye msimbo wenyewe, nayo haisahau kubadilika. Tarehe ya kujengwa ni mbaya zaidi. Kerneli hujengwa kwa kigezo cha `-Werror=date-time` kinachokataa `__DATE__` na `__TIME__`, kwa sababu zinafanya msimbo uleule utoe faili tofauti kila unapojengwa. Kama tarehe yako umeiingiza kwa mlango mwingine, iondoe.

"Naanza" na "nimemaliza" zina mbadala ulio bora kuliko zenyewe. Washa kerneli kwa kigezo cha `initcall_debug`, nayo itakuandikia kila hatua ya kuanzisha na muda iliouchukua kwa mikrosekunde, ya draiva yako na za wengine wote. Huna haja ya kuandika chochote.

Mistari ya rejista, ambayo naamini ndiyo mingi, imeshaandikwa na watu waliokutangulia. Ukiisoma chipu kupitia `regmap` (sehemu ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista), debugfs (mafaili ya kuchunguzia kerneli) inakupa faili `/sys/kernel/debug/regmap/1-0048/registers` lenye thamani za rejista zote kwa wakati unaolisoma. Na kwa kuwa chipu ni ya kubadili analojia kuwa dijiti, mahali pake ni mfumo mdogo wa IIO, sehemu ya kerneli ya vifaa vya kupimia. Huko utapata `in_voltage0_raw`, kipimo cha kuzidisha na jina la kifaa kama mafaili ya sysfs (mafaili ambayo kerneli huonyeshea hali ya vifaa), bila mstari hata mmoja kwenye logi.

Linganisha hilo na logi ya kuwaka. Mteja wako mashine yake imewaka miezi minne. Jana mtu amebadilisha kebo. Leo kipimo kinakosea. Mistari ya kuwaka, hata kama bado ipo, inaeleza hali ya miezi minne iliyopita, kabla kebo haijaguswa. Mkuu wa huduma akipokea thamani za rejista za leo atafanya kazi yake vizuri zaidi kuliko anavyofanya sasa, nami ningemweleza hivyo uso kwa uso badala ya kumwandikia kwamba mwongozo unakataza. Mtengenezee skripti ndogo inayokusanya mafaili hayo, toleo la kerneli, na ujumbe wa ngazi ya onyo kwenda juu kwa `dmesg -l emerg,alert,crit,err,warn`. Mteja aiendeshe mara moja na kutuma faili moja. Jihadhari na jambo moja tu: debugfs haina ahadi ya kubaki ilivyo toleo hadi toleo, na kwenye mashine nyingi inafikiwa na mtumiaji mkuu peke yake. Kitu ambacho skripti ya mteja itakitegemea miaka na miaka kiweke sysfs, thamani moja kwa faili moja.

Nasisitiza hili kwa sababu nyingine pia. Mstari wa logi ukikaa muda mrefu, watu huanza kuukamata kwa `grep` (amri ya kutafuta maneno). Siku unapobadilisha neno moja ndani yake, skripti ya mtu usiyemjua inakatika, naye atalalamika kana kwamba ulimwahidi. Thamani inayohitajika na programu nyingine ipewe faili lake.

Bado kuna maelezo ambayo hayana faili: njia draiva iliyopitia, uamuzi ilioufanya, mpangilio iliouchagua. Hayo yaweke kwenye `dev_dbg`. Kerneli ikijengwa na `CONFIG_DYNAMIC_DEBUG`, kila wito wa `dev_dbg` unalala hadi uamshwe, na ukiwa umelala gharama yake ni ndogo mno. Unaamshwa mashine ikiwa inaendelea na kazi, kwa kuandika kwenye `/proc/dynamic_debug/control`. Ukitaka yaonekane tangu mwanzo, ongeza kwenye vigezo vya kuwashia kerneli `mkx.dyndbg=+p`, tukichukulia moduli yako inaitwa mkx. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe, unapoiamsha bodi mpya na unataka kuona kila kitu, tumia `dev_dbg` tangu siku ya kwanza. Aliyeanza na `dev_info` (wito wa taarifa za kawaida) akiwa na nia ya kusafisha baadaye, hiyo baadaye huwa haifiki.

Kuhusu ngazi (namba ya uzito wa ujumbe, ndogo ndiyo nzito zaidi), watu wengi wanakosea kwa namna mbili. Kwanza wanadhani kushusha ujumbe hadi `dev_info` kunaokoa nafasi. Hapana. Mashine iliyowashwa kwa kigezo cha `quiet` huweka kizingiti cha konsoli kuwa 4, kwa hiyo zinapita ngazi 0 hadi 3 tu, na `dev_info`, ambayo ni ya 6, haionekani. Lakini kwenye bafa imo na inakula nafasi yake. Kosa la pili ni kinyume chake: kutumia `dev_err` kwa kitu kisicho hitilafu. `dev_err` ni ngazi ya 3, inapenya `quiet`, na inamtokea mtumiaji ambaye hakuomba kuona chochote. Kelele nyingine ya bure inayowasumbua watu kila siku ni ya faili la hiari la fimwea (programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe). Draiva inaomba faili, haipati, inaendelea na fimwea iliyomo ndani ya chipu bila shida yoyote, lakini kwenye logi kumebaki onyo kwamba upakiaji umeshindwa kwa kosa -2. Mwenye mashine anatafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Kwa hali hiyo kuna `firmware_request_nowarn()`, iliyowekwa kwa ajili hii hasa.

Sasa tuje kwenye mstari wa kushindwa. Hapa naomba utulie nami, kwa sababu ndipo draiva nyingi zinapowaangusha watumiaji wake, na waandishi wale wale waliotumia mistari 38 kusema "mambo ni shwari" hutumia maneno matatu mambo yanapoharibika.

Tuseme draiva inasoma rejista ya utambulisho, na chipu sahihi hujibu 0x5a. Draiva ya kawaida ikishindwa huandika hivi (maneno nimeyaweka kwa Kiswahili):

`mkx 1-0048: chipu haikutambulika`

Msomaji amejua kifaa: njia ya 1, anwani 0x48. Hajajua kingine chochote. Sasa tazama huu:

`mkx 1-0048: rejista 0x00 imerudisha 0xff, ilitarajiwa 0x5a`

Ni maneno machache yaliyoongezwa, lakini fundi ameshajua aanzie wapi. Kwenye I2C waya wa data hukaa juu usipovutwa chini na mtu. 0xff maana yake biti zote nane hakuna aliyeuvuta: chipu iliitikia anwani yake, kisha ikakaa kimya wakati wa kutoa data. Mara nyingi bado haijamaliza kuamka baada ya kupewa umeme. Kama ingerudi 0x5b, habari ingekuwa tofauti kabisa: chipu iko hai, inazungumza, lakini ni ndugu yake au ni toleo jipya ambalo draiva hailijui. Hapo hakuna haja ya kugusa waya hata mmoja. Na kama haikuitikia hata anwani, hutapata thamani, utapata namba ya kosa: vidhibiti vingi vitakupa -6, vingine -121, na njia ikiwa imekwama utapata -110. Waliowahi kufanya kazi na kadi za PCI wana ishara yao inayofanana: ukisoma 0xffffffff, kifaa hakipo tena kwenye njia. Thamani ulizosoma ni ushahidi. Draiva ilikuwa nao mkononi wakati kosa linatokea, na ikiutupa hakuna atakayeupata tena.

Kwa hiyo mstari wa kushindwa ubebe kifaa, tendo lililojaribiwa, matokeo yaliyopatikana na yaliyotarajiwa. Namba ya kosa iandikwe kwa jina pale inapowezekana, maana si kila mtu anakumbuka kwamba 110 ni muda kuisha. Umbizo la `%pe` linafanya hivyo.

Ndani ya `probe()`, fanksheni ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana, usijisumbue kuandika haya kwa mkono. Tumia `dev_err_probe()`, iliyopo tangu toleo 5.9. Faida yake kubwa haiko kwenye kuandika jina la kosa. Chipu yako bila shaka inategemea regyuleta (kifaa kinachotoa volteji thabiti) kwa volteji ya rejea. Mashine inapowaka, draiva ya regyuleta inaweza kuwa haijafika, na ukiiomba volteji unajibiwa -517, yaani `-EPROBE_DEFER`: ngoja, utaitwa tena. Hili si kosa, ni foleni. Lakini draiva inayochapisha kila jibu lisilo sifuri italia kosa mara moja, mara mbili, mara tano, kisha itafanikiwa, na logi itabaki na mistari mitano ya uongo. Kama pale mwanzoni mwa `probe()` kuna "naanza", nayo itarudiwa kila mara. `dev_err_probe()` ikiona -517 haipigi kelele. Inaiweka sababu yako pembeni, na mtu akitaka kujua ni nini bado kinasubiriwa anaisoma kwenye `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Draiva iliyokwama kwa kungoja regyuleta isiyokuja kamwe inajieleza hapo. Na kosa likiwa la kweli, inaandika kwa ngazi ya `dev_err` pamoja na jina la kosa. Mstari wako unakuwa hivi tu:

`return dev_err_probe(dev, ret, "imeshindwa kupata volteji ya rejea\n");`

Kosa moja liandikwe mara moja. Nimeona logi ambazo fanksheni ya chini inaandika, iliyoiita inaandika, na iliyoiita hiyo nayo inaandika, mistari minne kwa waya mmoja uliochomoka. Chagua mahali penye maarifa mengi zaidi, wengine warudishe namba kimya kimya. Na kabla hujaandika, angalia kama kerneli haijakutangulia. Kumbukumbu ikikosekana, kigawaji chenyewe hutoa ripoti ndefu, kwa hiyo ujumbe wako baada ya `kmalloc` kushindwa hauongezi kitu. `platform_get_irq()` nayo inaandika kosa lake yenyewe tangu toleo 5.4.

Kuna hali moja iliyo katikati, na ndiyo ninayoijali kuliko zote: draiva imefanikiwa, lakini kwa kushuka daraja. Interapti (ishara ya chipu ya kuita prosesa) haikupatikana, kwa hiyo itaiuliza chipu kila baada ya milisekunde 10. DMA imekataliwa, kwa hiyo prosesa itahamisha data yenyewe. Volteji ya rejea ya nje haipo, kwa hiyo imetumia ya ndani ambayo usahihi wake ni mdogo. Hapa kunyamaza ni kosa. Kila kitu kitaonekana kinafanya kazi, na baada ya miezi mtu atashangaa kwa nini vipimo vinayumba au prosesa haipumziki. Andika `dev_warn`, mstari mmoja, useme kimekosekana nini, kwa sababu gani, na mtumiaji atapoteza nini: "interapti haikuelezwa, nitauliza kila ms 10, kasi ya sampuli itashuka". Nikiambiwa nichague mstari mmoja tu wa kuubakiza katika draiva nzima, nitauchagua huu.

Na mstari wa mafanikio je? Hapa wataalamu wanatofautiana. FreeBSD, OpenBSD na NetBSD, mifumo endeshi mingine, zina desturi ya miaka mingi ya kutaja kila kifaa kwa mstari mmoja kinapopatikana, na wenyewe husoma `dmesg` kama orodha kamili ya vifaa vya mashine. Naiheshimu desturi hiyo, kwa sababu imepangwa na mfumo mzima. Kwenye FreeBSD mstari huo unatoka kwenye mfumo wa vifaa wenyewe, draiva inaweza kuuzima kwa `device_quiet()`, na maelezo ya ziada hutoka tu mtu akiwasha kwa `boot -v`. NetBSD imekwenda mbali zaidi: mwandishi anachagua kati ya `aprint_naive`, `aprint_normal`, `aprint_verbose` na `aprint_debug`, na anayewasha mashine ndiye anayeamua asikie hadi wapi. Kwenye Linux hakuna mstari wa pamoja wa namna hiyo kwa vifaa vyote, kila draiva huamua lake, na ndiyo sababu kila mwandishi akijiruhusu mstari "mmoja tu" tunapata msitu.

Msimamo wangu ni huu. Mstari mmoja wa `dev_info` unaruhusiwa ukiwa unabeba kitu ambacho kifaa peke yake ndicho kilichokijua, na ambacho kingebadilisha utambuzi wa tatizo: toleo la silikoni lenye kasoro zake, toleo la fimwea, kasi iliyokubaliwa na upande wa pili. Kadi ya mtandao yenye fimwea yake ina haki ya mstari huo. Chipu yako ya I2C, kwa jinsi ulivyoieleza, haina. Jina na anwani yake viko `/sys/bus/i2c/devices`. Isipokuwa kama chipu ina matoleo mawili yanayopima tofauti, hapo andika toleo, mstari mmoja, basi.

Utakachobakiza kijitegemee kila mstari peke yake. Vifaa vinaweza kuanzishwa sambamba, na draiva nyingine inaweza kuingiza maneno yake kati ya mistari yako miwili. Fremu za nyota na vichwa vya habari vya mistari mitano vinafika vimekatwakatwa. Familia ya `dev_*` inatanguliza jina la draiva na kifaa kila mara, kwa hiyo uitumie badala ya `printk` tupu. Na logi za kuwaka husafiri: zinabandikwa hadharani, zinatumwa kwa watu wasiojulikana. Usiandike namba za siri za kifaa wala anwani za kumbukumbu ya kerneli. Tangu toleo 4.15 umbizo la `%p` linaficha anwani halisi kwa sababu hiyo, kwa hiyo usilizunguke kwa `%px`.

Jambo la mwisho, na ndilo litakalokupa shida kama hujalitarajia. Kila mstari uliochapishwa kwenye konsoli ya seriali ulikuwa pia ni kusubiri. Milisekunde 7 hapa, 7 pale, na chipu inapata nafasi ya kuamka kati ya kupewa umeme na kusomwa mara ya kwanza. Ukiifuta mistari 38 kwa mkupuo, usishangae chipu mbili kati ya nne zikaanza kurudisha 0xff. Mwenzako atalaumiwa, mkuu wa huduma atasema "niliwaambia", na mtu atairudisha mistari. Msiirudishe. Hitilafu hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, na mteja yeyote aliyewasha kwa `quiet` alikuwa tayari yuko hatarini nayo. Fungua karatasi ya maelezo ya chipu, tafuta muda wa chini unaotakiwa baada ya umeme kutulia, na uuweke waziwazi kwa `usleep_range()` au `fsleep()` kabla ya kusoma rejista ya kwanza.

Ijaribu hivi kabla hujatuma mabadiliko. Washa bodi bila konsoli ya seriali kabisa, kwa `quiet`, mara mia mfululizo ukiwa na skripti inayohesabu chipu zilizopatikana. Kisha washa ikiwa na konsoli na `mkx.dyndbg=+p`, mara mia nyingine. Hesabu zikitofautiana, bado kuna mahali draiva inategemea maneno yake ili kupata muda. Halafu chomoa waya wa data wa chipu moja, uwashe tena, na umpe mkuu wa huduma logi hiyo aisome bila wewe kumwambia umefanya nini. Akiweza kutaja chipu na aina ya hitilafu kutokana na mstari mmoja, nadhani mtaelewana.